Neno Nililokosea Siku ya Tangazo

Wanangu, niliombwa nije niwafundishe mbinu za ukalimani, na mbinu zenyewe ni chache, basi nizitoe kwanza zisije zikanisumbua kichwani. Kabla ya kuingia mahakamani kunywa maji, lakini mafunda mawili tu, maana jaji hasimamishi kesi kwa ajili ya kibofu chako. Simama mahali unapouona mdomo wa shahidi. Shahidi akisema "mimi niliiba", nawe sema "mimi niliiba", hata kama mama mkwe wako amekaa nyuma anasikiliza. Usimsaidie mtu aseme vizuri kuliko alivyosema. Na ukikosea, inua mkono useme umekosea, papo hapo, kabla neno lako halijaanza kutembea.

Hiyo ya mwisho hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe, na watu wengine ndio walioilipia.

Mimi sikuitafuta kazi hii. Bukavu nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nilifika Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, nikawa nasuka nywele katika saluni moja mjini, na siku moja akaja karani wa mahakama anauliza kama kuna mtu anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza cha kutosha. Wenzangu wote walininyooshea vidole, wengine wakiwa bado wameshika vitana. Wiki iliyofuata nikaapishwa. Mafunzo yalikuwa ni kusimama kando ya Bab' Ngubane kwa siku mbili.

Bab' Ngubane alikuwa mkalimani wa Kizulu na Kiingereza kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kijivu ambalo sijui alilifua lini maana kila siku alikuwa nalo. Aliniita "sisi", ambalo kwa Kizulu ni dada. Mwezi mzima nilidhani ananijumlisha na watu wengine. Akisema "Njoo, sisi", nilikuwa nageuka kuangalia nani mwingine anaitwa.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha tu. Kulikuwa na kesi ya ajali ya gari, mwendesha mashtaka akauliza kama robot ilikuwa nyekundu. Sasa ninyi mmezaliwa hapa, mnajua robot ni zile taa za barabarani. Mimi nilikuwa sijui. Nikamuuliza shahidi, Mkongo mwenzangu mgeni kama mimi, "Je, lile limashine la mfano wa mtu lilikuwa jekundu?" Akafikiri sana, akajibu, "Mimi niliona gari tu. Mashine ya namna hiyo sikuiona." Hakimu akaandika kwamba shahidi hakuona taa. Bab' Ngubane alikohoa mpaka akatoka nje. Baadaye akaniambia, "Sisi, neno usilolijua liulize. Mahakama itakungoja. Inalipwa ingoje."

Nilicheka, nikasema nimesikia. Sikuwa nimesikia.

Mwaka uliofuata ilinyesha mvua siku tatu bila kupumzika. Kule Jacobs, katikati ya viwanda, kulikuwa na ghala la zamani la ghorofa mbili ambalo mwenye ghala alikuwa amelikatakata kwa mbao akapangisha vyumba. Wapangaji wengi walikuwa Wakongo na Warundi. Nyuma ya ghala kulikuwa na mfereji, na siku ya tatu mfereji ule ukapanda, ukaingia chini. Serikali ya mkoa ikatangaza kwamba maeneo yale yamepatwa na maafa. Tangazo lilikuwa halali na lilihitajika, naomba mlikumbuke hilo, nisije nikawafanya mfikiri kwamba serikali haikuwa na haki ya kufanya lolote. Maji yalikuwa yamefika magotini.

Ili kazi iende, aliteuliwa mtu wa kusimamia uokoaji pale. Sitalitaja jina lake wala ofisi yake. Nitamwita Msimamizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na buti, kipaza sauti na karatasi ya tangazo ndani ya mfuko wa plastiki, na alikuwa hajalala. Wapangaji hawakumwelewa, naye hakuwaelewa, kwa hiyo akaomba mahakama imwazime mkalimani. Nikapelekwa mimi.

Nilishuka kwenye gari mvua ikinipiga usoni. Msimamizi akanipa kipaza sauti, akasema kwa Kiingereza, haraka haraka, "Waambie mkoa umetangaza dizasta. Watoke, waje na blanketi na karatasi zao, kuna basi la kuwapeleka ukumbini."

Dizasta. Niliisikia vizuri. Kiswahili chake ni maafa, au janga, na neno maafa nilikuwa nalijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa na baridi, watu walikuwa madirishani wananitazama, na neno "umetangaza" likanivuta. Kule tulikotoka, serikali ikitangaza kitu, ilikuwa inatangaza kitu kimoja tu. Nikaweka kipaza sauti mdomoni, nikasema:

"Serikali imetangaza hali ya hatari. Kila mtu atoke sasa hivi na karatasi zake."

Mtu ambaye hajawahi kukimbia nchi yake angeona sentensi ile haina shida. Maji yamejaa, kweli hali ni ya hatari. Lakini watu wale hawakuwa wanasikia Kiswahili cha kamusi. Walisikia état d'urgence, ile hali ya hatari ya kijeshi ya kule kwetu. Walisikia vizuizi barabarani, wanaume kutolewa nyumbani, malori. Mzee mmoja wa Uvira akachungulia dirishani akaniuliza kwa upole, "Mama, basoda iko wapi?"

"Hakuna askari, baba," nikajibu. "Ni mvua tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuinua mkono. Mtu akikuuliza askari wako wapi wakati wewe umezungumzia mafuriko, ujue umesema kitu usichokijua. Mimi niliendelea. Wengi wakashuka, wakapanda basi. Wachache niliwaona kwa pembe ya jicho wakitokea madirisha ya nyuma, wakikata kupitia uwanja wa kiwanda, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Nikajisemea kwamba wanakwenda kwa ndugu zao.

Ukumbi ulikuwa mkavu, na chai ilikuwapo, na supu. Mlangoni kulikuwa na meza, na kila aliyeingia alitoa kibali chake cha ukimbizi, kikaandikwa, kikatiwa ndani ya boksi. Nilidhani vitarudishwa baada ya kuandikwa. Havikurudishwa. Alasiri Msimamizi akabandika karatasi mlangoni, akanitaka niisome kwa sauti: kwa ajili ya usalama na utaratibu, hakuna mtu kutoka bila barua ya Msimamizi, vibali vitakaa ofisini mpaka hali itakapokuwa sawa, na ghala la Jacobs litavunjwa Jumatatu. Chini aliandika kwamba anafanya hivyo kwa mamlaka ya tangazo.

Niliisoma. Kazi yetu ni kusoma.

Nilikuwa navaa koti niondoke ndipo alipoingia Goreth. Alikuwa Mrundi, tuliwahi kufanya kazi saluni moja, na tangu asubuhi alikuwa mjini anasuka watu hajui kitu. Alikuwa ameambiwa Jacobs kwamba wote wameletwa huku. Akatoa kibali chake mezani, akaingia, akazunguka ukumbi mzima akitazama nyuso. Akarudi kwangu.

"Dada, Salvator iko wapi? Na Ineza?"

Salvator alikuwa mume wake, fundi viatu. Ineza alikuwa mtoto wao wa miaka minne. Nikamwambia sikuwaona kwenye basi.

"Walisema nini pale? Nani alitangaza?"

"Mimi nilitangaza. Nilisema serikali imetangaza hali ya hatari."

Goreth alikaa chini sakafuni. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Dada," akasema, "mume wangu akisikia hilo neno hangojei hata viatu. Kwetu walisema hivyo asubuhi, saa sita kaka zake wawili hawakuwapo."

Kisha akainuka akaenda mlangoni ili atoke akawatafute. Mlinzi alikuwa kijana wa Umlazi, mwenye adabu. Akamwonyesha ile karatasi, nami nikiwatafsiria. "Samahani, mama. Mpaka barua."

"Mutoto yangu iko mu mayi," Goreth akasema.

"Naelewa, mama. Mimi si mwenye mlango. Nimewekwa tu."

Nilimtafuta Msimamizi, akasema ripoti ya kupotea kwao itaandikwa, na kwamba akimruhusu mmoja atalazimika kuwaruhusu wote. Nikamwambia Goreth nitamtafuta Salvator mimi. Akanishika mkono. "Kuna nyumba inajengwa kule Bluff. Rafiki yake ni mlinzi pale. Kama yuko hai, atakwenda huko."

Kama yuko hai. Nililala nalo hilo.

Asubuhi nilimngoja Bab' Ngubane kwenye ngazi za mahakama, nikamweleza yote, pamoja na neno lenyewe. Nilimweleza tofauti ya maneno yale mawili kwa Kiingereza. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka chini chupa yake ya chai.

"Hilo lako, sisi, mimi nililitafsiri miaka mingi," akasema. "Zamani zile za hali ya hatari, enzi za utawala wa makaburu, alikuja mama mmoja kutoka Lamontville. Mwanawe alichukuliwa. Akamwomba hakimu aulize tu yuko kituo gani. Hakimu akasema kanuni hazimruhusu kuuliza. Ikabidi mimi nimwambie kwa Kizulu kwamba mahakama hairuhusiwi kuuliza. Akanitazama mimi, si hakimu. Alidhani ni mimi niliyekosea kutafsiri. Akaniambia, 'Mwanangu, mwambie tena, labda hakunielewa.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia tena hakimu. Jibu likawa lile lile."

Akafunga chupa. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mwanafunzi, na nawapa ninyi kama alivyonipa. Siku hizi kuna Katiba, alisema. Hali ya hatari yenyewe, ya nchi, haitangazwi isipokuwa kwa sheria ya Bunge, ina siku zake za kuisha, na mahakama ina haki ya kuuliza kama ilitangazwa kihalali. Haya ya mafuriko ni kitu kingine kabisa. Mkoa ukitangaza maafa, unapata nguvu ya kuokoa watu, kufungua kumbi, kuleta blanketi, kuwahamisha mbele ya maji. "Sasa huyo bwana ana karatasi ya maafa, lakini anaishika kama ile ya zamani. Na ninyi wawili mmesaidiana, sisi. Wewe ulilisema neno, yeye akalitenda."

Hakuninyanyua, hakuniangusha. Akachukua funguo za kigari chake.

Nyumba ya Bluff ilikuwa kuta bila paa, na vyumba viwili vya nyuma vilivyofunikwa mabati. Mlinzi akatuona, akasema hakuna mtu. Nikaona kiatu kidogo cha mtoto kimeanikwa juu ya mfuko wa saruji.

"Salvator," nikaita. "Ni Mama Bahati wa saluni."

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Uko na nani?"

"Niko na mzee mmoja wa mahakamani. Hana bunduki, ana chai."

"Wewe ndiye ulisema hali ya hatari. Nilikutambua sauti."

"Nilikosea. Ni maafa. Mafuriko tu. Serikali ilisema mafuriko, mimi nikasema neno lingine."

"Malori yamekuja?"

"Lilikuja moja. La blanketi."

Nikasikia kitu ambacho kwanza nilidhani ni kikohozi, kumbe anacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia, na mtoto akauliza baba ana nini. Akatoka peku, amembeba Ineza, mtoto ana kipande cha mkate mkononi na saruji kwenye nywele. Mguu wa Salvator ulikuwa umechanika kwa msumari. Lakini walikuwa wazima, wanangu. Niliketi juu ya mifuko ya saruji. Nimezaa watoto watatu, na sikumbuki kama kuna siku nilishukuru Mungu kwa nguvu kama siku ile.

"Twende kwa Goreth," Salvator akasema.

Nilikuwa tayari, lakini Bab' Ngubane akamzuia kwa mkono. Akaniambia nimtafsirie. "Una kibali chako?"

Salvator akapapasa kifuani, akakitoa ndani ya plastiki.

"Basi wewe ni kati ya wachache wa ghala lile ambao bado wanatembea na karatasi. Ukiingia ukumbini itaingia kwenye boksi, na wewe utakuwa ndani na wengine. Tupitie Glenwood kwanza."

Glenwood kulikuwa na kliniki ya sheria, chumba kimoja chenye mafaili mpaka dirishani. Wakili alikuwa msichana mdogo, Mhindi wa hapa hapa Durban, jina lake Naidoo. Alimpa Ineza kalamu na karatasi achore, akamsikiliza Salvator kwa kupitia mimi, akapiga simu, akaandika, akapiga tena. Baada ya saa mbili faksi ikatema barua ya Msimamizi. Wakili akaisoma, akanigeukia.

"Anasema hakuna aliyelazimishwa. Anasema watu walitoa vibali kwa hiari, wakakubali kukaa ndani, baada ya kuelezwa yote kwa lugha yao na mkalimani aliyeapishwa. Mkalimani huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uliwaambia ni hiari?"

"Hakuniambia niseme hivyo. Na mimi niliwaambia kitu kibaya zaidi."

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Ukiapa hayo, huwezi kuwa mkalimani wa kesi hii. Utakuwa shahidi. Na utakuwa umeandika kwa mkono wako kwamba ulitafsiri vibaya. Nataka ulijue kabla hujasaini."

Nililijua. Ajira yangu ilikuwa ya siku kwa siku, na watoto watatu walikuwa wanasoma. Nikamtazama Bab' Ngubane nikitumaini atanipa neno la kunisukuma upande mmoja au mwingine. Alikuwa anatazama mchoro wa Ineza. Nilimkasirikia siku ile. Leo naona angenisukuma ningekuwa nimesukumwa tu.

Nikasaini.

Nimalizie hapa habari ya ajira, maana najua mnaifikiria. Mkuu wa wakalimani alinisimamisha wiki mbili. Nilipoitwa ofisini kwake nilivaa nguo yangu ya kanisani. Akaniuliza kama kuna kesi nyingine niliyowahi kukosea. Nikamtajia ile ya robot. Alijaribu kutocheka akashindwa, akaagiza kesi ile irekebishwe, akanirudisha kazini na sharti kwamba kila Ijumaa nikae na Bab' Ngubane nipitie maneno ya sheria. Tulikaa Ijumaa hizo miaka mitano.

Kesi ilisikilizwa kesho yake, baada ya mimi kusaini. Mimi nilikaa nyuma na mashahidi. Badala yangu alitafutwa mwanafunzi Mtanzania aliyepanga chumba Glenwood, kijana mwenye Kiswahili cha kunyooka, cha redioni. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alikuwa amesoma hati zote, lakini akataka kumsikia Salvator mwenyewe. Akamuuliza kwa nini alikimbia.

Salvator, aliyekuwa ameishi Uvira kabla ya kufika huku, akajibu Kiswahili cha huko: "Mayi iliingia mu nyumba. Nikasikia hali ya hatari. Nikabeba mutoto."

Kijana wa watu akatafsiri kwa Kiingereza safi kabisa kwamba mayai yaliingia ndani ya nyumba.

Jaji akavua miwani. "Mayai?"

Kijana akamuuliza Salvator kwa heshima zote, mayai yalikuwa mengi kiasi gani. Salvator akaonyesha magotini.

Bab' Ngubane alinishika sketi, lakini nilikuwa nimeshainuka na mkono uko juu. "Mheshimiwa Jaji, niwie radhi. Ni maji. Kwetu maji tunaita mayi." Watu wakacheka, hata jaji, na kijana yule maskini akacheka pia. Jaji akasema kumbukumbu irekebishwe, halafu akanitazama kidogo. "Wewe ndiye uliyeandika hati ya kiapo kuhusu neno lile?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kaa," akasema, bila ukali.

Kisha akamgeukia wakili wa upande wa Msimamizi. Mahojiano yao sitayasahau, maana yalikuwa mafupi, na hayakuwa na kelele.

"Tangazo hili unalo mbele yako?"

"Ninalo, Mheshimiwa."

"Nionyeshe mstari unaoruhusu kuwahamisha watu kutoka kwenye maji."

Akauonyesha mara moja.

"Vizuri. Unaoruhusu kufungua ukumbi na kuwalisha?"

Akauonyesha.

"Sasa nionyeshe mstari unaoruhusu kubaki na kibali cha mtu."

Wakili akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akarudi wa kwanza. Nilisikia karatasi zikisuguana, na nyuma yangu mtu anapumua.

"Mheshimiwa, inatokana na mamlaka ya jumla ya kudumisha utaratibu."

"Sikuuliza inatokana na nini. Niliuliza imeandikwa wapi."

Akasema haikuandikwa. Akaulizwa kuhusu kufunga mlango. Haikuandikwa. Akaulizwa kuhusu kuvunja nyumba za watu Jumatatu bila amri ya mahakama yoyote, akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo pia angelazimika kulikubali. Namsifu yule wakili. Angeweza kuzungusha maneno mpaka chakula cha mchana.

Jaji akasema mkoa ulikuwa sahihi kutangaza, na Msimamizi alikuwa sahihi kuwatoa watu, na vyumba vya chini vibaki vimefungwa mpaka mtaalamu avikague, maana ukuta uliolowa haujali haki za mtu. Mengine yote yaliyobandikwa mlangoni hayakuwa na nguvu tangu siku yalipobandikwa. Mvua kubwa, alisema, humwongezea kiongozi kazi, wala haimwongezei mamlaka ambayo sheria haikumpa. Vibali virudishwe kabla ya saa kumi jioni. Ghala lisivunjwe mpaka wakazi wasikilizwe mahakamani.

Msimamizi alikuwa amekaa mbele. Nilimwona mabega yake yakishuka, na sidhani ilikuwa ni aibu tu. Mtu aliyebeba watu mia bila kulala akiambiwa mzigo mwingine si wake, naye hupumua.

Nje, kwenye ushoroba, Bab' Ngubane alikaa kwenye benchi. Akaniomba kitambaa. Akajifuta macho, akapenga kamasi, akasema mashine ya hewa ya jengo lile ni mbovu. Nikakaa karibu naye. Baada ya muda akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Jaji ameuliza. Umesikia? Ameuliza, na wao wamejibu." Nilijua anaongea na yule mama wa Lamontville.

Saa tisa na nusu tulikuwa ukumbini. Safari hii niliomba kutafsiri mwenyewe, kwa kuwa kesi ilikwisha, na wakili Naidoo akakubali. Kabla ya kuanza nilisimama juu ya kiti nikawaambia watu kwamba siku ya mvua niliwapa neno la uongo bila kukusudia; kwamba hakukuwa na hali ya hatari, yalikuwa maafa, na nawaomba radhi. Yule mzee wa Uvira akatikisa kichwa. "Sasa tumeelewa, mama," akasema. "Tuliona supu, tukajiuliza, hawa basoda gani banapika?"

Boksi likaletwa. Msimamizi mwenyewe alisoma majina, akiyakosea, nami nikiyanyoosha, na kila mtu akaja akachukua kibali chake. Wengine walikifungua na kujitazama picha. Wengine walikitia kifuani bila kukitazama. Mlinzi wa Umlazi alibandua karatasi ya mlangoni, akaikunja mara nne, hakujua aiweke wapi, akaitia mfukoni.

Jina la Goreth lilikuwa karibu na mwisho. Salvator na Ineza walikuwa wanamngoja nje barabarani, kwa kuwa Bab' Ngubane hakutaka waingie hata kwa utani. Goreth akachukua kibali, akapita mlangoni, akamnyakua mtoto, akamshika Salvator kichwa kwa mkono uliobaki, akamtazama mguu, akamwuliza kwa nini hakuvaa viatu, fundi viatu mzima. Wakasimama pale wote watatu. Nilidhani wataondoka.

Akageuka, akarudi ndani na mtoto kiunoni. Akasimama mbele ya mlinzi.

"Blanketi yangu nimeacha," akasema. "Nikichukua, nitatoka tena?"

"Toka tu, mama."

Akaenda akachukua blanketi, akatoka. Akafika kwenye ngazi, akasimama, akarudi tena ndani, hana kitu cha kufuata, akamtazama mlinzi usoni. Mlinzi akasogea pembeni. Goreth akapita, akatoka, na safari hii hakugeuka.